Koti la Vaileth

1

Siku Pua iliponusa koti la Vaileth, mimi nilifurahi. Naanza na hilo kwa sababu wanaosimulia habari za Nyavitete hulisahau, na mimi sina haki ya kulisahau.

Tulikuwa jikoni kwa Fundi Belitha Mgaya, mwezi wa sita, ukungu umeshuka mpaka kwenye kizingiti. Huko nyanda za juu baridi ya mwezi wa sita haina adabu. Inaingia bila kubisha hodi na kukaa karibu na moto kuliko mwenye nyumba. Nilikuwa nimepanga chumba kwa Belitha tangu mwezi wa nne, nikiwapitia watu nyumba kwa nyumba ili kusoma vitu vyao, na nyumba ya mwenyeji wangu nilikuwa nimeiacha ya mwisho. Nikatandika kitambaa cheupe mezani, nikalilaza koti, nikaishusha Pua juu yake.

Jina rasmi la mashine hiyo ni kisoma-mapito, lakini sijawahi kumsikia mtu akiiita hivyo. Ukubwa wake ni kama pasi ya mkaa, na chini ina mdomo wa mpira. Inavuta hewa iliyojificha ndani ya uzi: jasho, sabuni, moshi, chavua, vumbi. Kila mahali duniani pana vumbi lake, na uzi huwa hausahau. Ukiipa dakika nne inakuchorea ramani ya kila mahali kitu kilipoishi, kwa muda gani, na mikononi mwa watu wangapi.

"Haya binti," Belitha akaliambia koti, "mwambie mwalimu ulikotoka."

Ramani ikachomoza hewani, juu ya meza. Kiwanda cha mashariki ya mbali, siku mbili. Meli. Mji wa kaskazini wenye theluji, miaka sita, mwanamke mmoja mvuta sigara aliyefuga paka. Kisha giza la miaka mitatu ndani ya sanduku. Kisha robota la mitumba, bandari, lori. Kisha Nyavitete, miaka kumi na minne.

"Paka?" Belitha akacheka mpaka akakohoa. "Ndiyo maana Vaileth akilivaa, panya walikuwa wanahama nyumba."

Miaka hiyo kumi na minne ilikuwa imesongamana kuliko mingine yote. Moshi wa kuni za miwati. Udongo wa viazi. Mafuta ya nazi shingoni. Mikono ya watu wawili tu, mmoja baada ya mwingine, na yule wa pili alikuwa amelishika sehemu moja, upande wa ndani wa kola, mara nyingi kiasi kwamba Pua ilidhani imekosea ikarudia kusoma. Nikaigeuza kola. Ndani palikuwa na herufi saba za uzi mwekundu: VAILETH.

Mtu akifa, matanga yakiisha, nguo zake hugawiwa. Hilo linafanyika kwingi. Nyavitete wana la ziada. Koti la marehemu haligawiwi mpaka fundi alitie jina, na atakayelivaa huitwa kwa jina hilo muda wote anaolivaa. Nilimwona sokoni kijana wa miaka ishirini akiitwa Babu Alfonsi, naye akaitika kwa sauti nzito na kudai apishwe kwenye benchi. Walimpisha, wakicheka. Belitha akipita barabarani na koti la binti yake, majirani walimwita, "Kamwene, Vaileth!" naye aliitika, "Kamwene." Vaileth alikufa kwa homa ya mapafu akiwa na miaka ishirini na mitatu. Katika miaka mitano iliyofuata, hazikupita siku mbili jina lake halijaitwa barabarani.

Chini ya ramani ikaja alama ya mazoea. Tisini na nne.

"Nimefaulu?" Belitha akauliza.

"Sijawahi kusoma alama kubwa kama hii, mama. Popote."

"Basi mwambie huyo mvuta sigara asiwe na wasiwasi. Koti lake limepata kwao."

Kwenye fomu kuna sehemu iliyoandikwa Maneno ya Mtumiaji. Niliyaandika hayo, neno kwa neno, nikayawekea alama za kunukuu.

2

Sheria ya Makao haikushuka kutoka mbinguni. Mimi nilikuwepo ilipozaliwa.

Nilisoma jiografia ya vitu: nguo inatoka wapi, inakwenda wapi, na inageuka kuwa nini ikifika. Vitabu nilivyopewa chuoni vilituchora sisi kama jalala. Kaskazini wananunua, kusini tunapokea uchafu wao, basi, hadithi imekwisha. Nilichukia. Nilijua nyumba ambamo suruali moja ilisomesha watoto watatu kwa zamu. Nikaandika tasnifu niliyoiita Kitu ni cha Mahali Kinapopendwa, na ndani yake nikatengeneza kipimo cha mazoea: kitu kimeshikwa mara ngapi, kimeshonwa mara ngapi, kimelaliwa, kimerithiwa. Alama sitini na kuendelea, nikasema, kitu hicho kimefika. Si uchafu wa mtu tena. Kina kwao.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Waliposimama ukumbini kunipigia makofi, nililia.

Kisha wenye mizigo ya taka ya kuzika wakaisoma tasnifu yangu kwa makini kuliko maprofesa. Ikiwa kitu ni cha mahali kinapopendwa, wakasema, basi kizikwe hapohapo kinapopendwa. Aliyekitengeneza yuko huru. Aliyekitupa yuko huru. Na mahali palipothibitisha kuvipenda vitu vya aina fulani papewe heshima ya kuvipokea vya aina hiyo vyote. Hiyo ndiyo ikawa Sheria ya Makao.

Bwana Sefu Mkwizu, Afisa Makao, alifika Nyavitete wiki moja baada ya mimi kutuma matokeo. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya mhudumu wa benki. Tulikutana kwenye ofisi ya ghala la viazi la ushirika.

"Themanini na moja," akasema, akinipa mkono. "Wastani wa kata nzima! Hongera sana, Daktari. Kuna watu hawaamini mpaka sasa."

"Asante. Sasa tunaandika ripoti ya..."

"Ripoti ipo. Kilichobaki ni saini yako kwenye cheti cha Makao."

Akatandaza mchoro. Nilikuwa nimelitembea Bonde la Lihumbi mara nyingi. Ndiko kuna chemchemi inayonywesha mji, na ndiko kuna vinyungu, zile bustani za unyevu ambazo watu hulima mahindi mabichi, maharage na mboga wakati wa kiangazi ambapo juu mlimani hakuna jani. Kwenye mchoro hapakuwa na chemchemi wala vinyungu. Palikuwa na shimo la mstatili lenye ngazi ishirini na moja.

"Kila alama inayozidi sitini ni mwaka mmoja wa kupokea," Sefu akaeleza taratibu, kana kwamba hiyo sitini sikuitunga mimi. "Malori hayana dereva, hayatasumbua watu. Makoti, majaketi, masweta. Vitambaa vya plastiki zaidi, haviozi, kwa hiyo hakuna harufu."

"Bwana Sefu, watu wanakunywa maji ya humo."

"Watachimbiwa visima. Ipo kwenye cheti."

"Sampuli ina kasoro."

Akavua miwani.

Hapo ndipo lazima nikiri. Niliwaomba watu wanionyeshe nguo yoyote, ya kawaida, ile iliyo karibu. Lakini mtendaji wa kata alikuwa ameshapita na kipaza sauti: mtafiti anakuja kuona tunavyotunza vitu vyetu, tusiaibike. Na Nyavitete mgeni haonyeshwi kitu cha kawaida. Nyumba ya kwanza walinitolea koti la marehemu lililofungwa kwenye kanga, linanukia sabuni. Nyumba ya pili vilevile. Kufika ya tatu nilishajua kwamba sisomi nguo za mji, nasoma zile mia na ishirini zinazopendwa kuliko zote. Ningeweza kusimama, nikasema hapana mama, nipe hilo sweta la kuchotea maji. Sikusema. Alama zilikuwa nzuri mno. Zilikuwa zinasema maneno yangu.

Sefu alifungua mafaili, akanionyesha karatasi mia na ishirini, na chini ya kila moja saini yangu: Nathibitisha kwamba nguo hii haikuteuliwa.

"Unataka nipeleke barua kwamba ulidanganya mara mia na ishirini?" akaniuliza, bila ukali wowote. "Watakufukuza. Halafu watamleta mwingine. Makoti yatakuwa yaleyale, na Pua ni ileile."

"Kuna njia gani?"

"Unaijua. Uliipinga mwenyewe."

Nilikuwa naijua. Kiambatisho cha Nne.

3

"Rudia," Belitha akasema. Alikuwa anamenya viazi na hakuacha kumenya.

"Kuna kitu kinaitwa mazoea ya dhiki. Kwamba mtu amekishika kitu, amekishona, amekirithi, kwa sababu hana kingine. Si kwa kukipenda. Alama zote zinafutwa, inakuwa sifuri. Bonde linabaki."

"Na nani anayesema hivyo? Wewe?"

"Mimi naandika. Lakini kila mwenye koti lazima asimame barazani aseme kwa mdomo wake. Hatuvipendi, tunavaa kwa kukosa. Theluthi mbili wakisema, cheti kinakufa."

"Wakishasema, wanarudi nyumbani na makoti yao."

Nikainamia maganda ya viazi, naye akaliona hilo. Kisu kikasimama.

"Makoti yanachukuliwa," nikasema. "Ulichokikana si chako. Na jina lazima litolewe kwanza, na mwenyewe, kwa mkono wake, wakiona. Halafu kata nzima haitaruhusiwa kutia majina tena. Jina ni alama ya mazoea. Wakilikuta kwenye nguo yoyote, hesabu inaanza upya."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza redio ya mbali.

"Kwa hiyo tukisema kweli tunafukiwa. Tukitaka kupona, tujitukane."

"Ndiyo, mama."

"Mwalimu, wewe kwenye kitabu chako uliandikaje habari ya hiyo dhiki?"

"Niliandika kwamba ni matusi. Kwamba maskini anapenda kitu kama mtu mwingine yeyote. Niliomba kipengele hicho kifutwe, wakakiweka nyuma kabisa."

"Na sasa umekwenda kukiokota huko nyuma unaniletea mimi jikoni."

"Kuna njia nyingine naitafuta tangu jana. Sijaiona."

"Hukuitafuta ile siku ya kwanza, wakati ng'ombe walikuwa bado zizini." Akaokota kiazi kingine. "Nilijua, unajua? Ulivyokuja kuniambia, mama, nyumba zote zinanitolea makoti ya marehemu, macho yanakung'aa. Nikajisemea, huyu hakuja kuona tunavyoishi. Huyu amekuja kuchuma."

Viazi vilikuwa vinatumbukia kwenye sufuria kimoja kimoja.

"Hao wengine wamesemaje?" akauliza.

"Wanasema wanakusubiri wewe. Majina yote umeyashona wewe. Hakuna atakayefungua mdomo kabla yako."

"Hata yule mpuuzi wa Alfonsi?"

"Hata yeye. Amesema, fundi akikana, na babu atakana."

Karibu acheke. Kisha akafuta mikono kwenye gauni, akaenda ukutani lilikotundikwa koti, akalivaa ingawa moto ulikuwa unawaka vizuri. Alifunga vifungo vyote mpaka cha shingoni.

"Ukitaka kunifariji," akasema akinipa mgongo, "usiniambie kwamba nitabaki naye moyoni. Watu wa msibani wote waliniambia hivyo. Moyoni hakuna anayemwita."

"Na mimi nitakuwa nakikana kitabu changu, mama. Saini yangu itakuwa pale chini ya maneno niliyoyapinga."

"Wewe utatia saini tu." Akageuka. "Kalamu haitetemeki kwa baridi. Usijifananishe na mimi."

4

Baraza lilifanyika siku ya Jumanne saa nne asubuhi, ndani ya ghala la viazi, kwa sababu ndilo lenye paa kubwa. Wenye makoti mia na ishirini walikaa kwenye magunia, kila mmoja na koti lake, wengine wameyavaa, wengine wameyapakata. Nyuma yao mji wote ulikuwa umesimama. Nilikuwa mezani na Sefu. Pua ilikuwa imewashwa mbele yetu, ramani za makoti yote zikining'inia juu yake kama nyuzi za buibui, zote zikikusanyika Nyavitete.

Sefu alisoma Kiambatisho kwa sauti yake ya upole. Kisha akaita nyumba ya kwanza. Mwanamke akasimama, akafungua mdomo, akamtazama Belitha, akakaa. Akaita ya pili. Mwenyewe hakusimama hata kidogo.

"Usiwasumbue," Belitha akasema kutoka katikati. "Nakuja."

Alitembea mpaka mezani akiwa na koti mwilini. Njiani mtu mmoja, kwa mazoea tu, alimpisha akisema, "Pita, Vaileth." Nilimwona mtu huyo akijiziba mdomo.

"Jina?" Sefu akauliza.

"Belitha Mgaya. Fundi wa kushona."

"Hilo koti ni la nani?"

"La mzungu mmoja. Mvuta sigara. Mwalimu anamjua kuliko mimi."

"Wewe unalivaa kwa nini?"

"Kwa kukosa."

Sefu alitazama karatasi yake. "Lazima useme kamili, mama. Kama hutajali."

Belitha akavuta pumzi. Nilidhani atalinong'ona lile neno na kuondoka. Sikumjua mwenyeji wangu.

"Umesema niseme," akasema kwa sauti iliyofika mlangoni. "Koti baya. Kitambaa cha nailoni, hakivuti jasho, mvua ikinyesha linakuwa zito kama maiti. Limebana makwapa. Mfuko wa kushoto nimeutia kiraka mara nne na kila mara nilikishona vibaya, kazi ya ovyo, angalieni, mkunjo umekwenda upande. Fundi mwenye haya asingelitoa nje. Lingekuwepo jingine, hili ningepigia deki. Silipendi. Sijawahi kulipenda. Yeyote aliyelivaa kabla yangu simjui, na aliyeniambia kwamba nalishika kola asubuhi na jioni, hiyo mashine, imeona kidonda changu cha shingo, nilikuwa nalishika kwa kuwasha."

Nilisikia viazi vikiteleza ndani ya gunia.

"Inatosha," Sefu akasema, akiinamia karatasi zake. "Sasa jina."

Belitha akavua koti. Chini yake alikuwa na gauni la mikono mifupi. Akalitandaza juu ya meza, akatoa wembe kwenye karatasi yake, akaigeuza kola.

Mtu anayefumua haraka hukata kitambaa. Yeye hakukata hata uzi mmoja usiopaswa. Alianza na H, akaja nyuma. Alikuwa ameshona kwa mshono wa kurudi, ule unaoshika kuliko yote, kwa hiyo kila pigo la uzi lilibidi linyanyuliwe peke yake kwa ncha ya wembe, livutwe, liwekwe pembeni. Ilichukua muda mrefu. Herufi ya mwisho, V, uzi wake ulikuwa umekolea rangi kwa kushikwa, mwekundu umekuwa kama kahawia. Hata ulipotoka, matundu ya sindano yalibaki, na ukiyatazama kwa mshazari ungeweza kulisoma jina lote. Sefu aliyaona. Alinitazama. Nikatikisa kichwa, asiseme, naye akayaacha. Ndilo jambo pekee jema nililolifanya siku hiyo, na lilikuwa kutikisa kichwa.

Sefu akalitia koti kwenye mfuko wa kijivu, akaufunga kwa moto. Ramani ya koti la Vaileth ikazimika juu ya Pua. Kiwanda, theluji, paka, moshi wa miwati. Tisini na nne ikawa sifuri.

"Anayefuata," Belitha akasema kabla ya Sefu kusema. Akawageukia. "Mnasubiri nini? Mlitaka niwaonyeshe, nimewaonyesha. Alfonsi! Njoo umtukane babu yako, jua linapanda."

Wakaja. Mmoja baada ya mwingine, wakaja. Wengine walisema kwa kunong'ona na Sefu akawaomba warudie. Kijana wa Babu Alfonsi alijaribu kufanya utani, akashindwa katikati, akaachia wembe, na ikabidi Belitha amshike mkono wafumue pamoja. Kuna mama mmoja aliyesema, "Silipendi, baba, nisamehe," na Sefu akaniuliza kama hilo linahesabika. Nikasema linahesabika. Walihitajika themanini. Wakasimama mia na kumi na tisa. Mmoja, mzee wa upande wa kinu, aliondoka na koti lake mgongoni bila kusema neno, na hakuna aliyemzuia.

Saa nane usiku nilitia saini. Niliandika kwa mkono wangu, kwa herufi zinazosomeka: Wakazi wa Nyavitete hawana mazoea ya hiari na vitu wanavyotumia. Wanavitumia kwa dhiki.

Ni sentensi mbili tu, na hakuna nyingine nilizoandika maishani zilizowahi kuokoa kitu.

5

Nilikaa siku tatu nikisubiri uthibitisho. Belitha aliniachia chakula mezani, kimefunikwa, na hakuwahi kuwepo nilipokuwa nakila. Siku ya nne ulikuja: cheti kimefutwa, Bonde la Lihumbi limeondolewa kwenye orodha ya mashimo. Lori lilikuwa limekwishapita kuchukua mifuko ya kijivu.

Nikashuka bondeni. Nilitaka kuliona. Nadhani nilitaka pia mtu anione nikiliona.

Ukungu ulikuwa unainuka. Maji yalikuwa yanapita kwenye mifereji, mahindi ya vinyungu yamefika magotini, na kama wanawake ishirini hivi walikuwa wanapalilia. Walikuwa wamejifunga vitenge viwiliviwili, wengine wamejitanda mablanketi, mmoja alikuwa ametoboa mfuko wa mbolea sehemu ya kichwa na mikono akauvaa. Pumzi zao zilionekana. Hakuna aliyekuwa anaita jina la mtu. Wiki moja nyuma, ungesikia bonde zima: Babu Alfonsi, Mama Tulakela, Vaileth, walio hai na wasio hai wakiulizana habari za magugu.

"Kamwene," nikasema.

Huko salamu haiachwi hewani. Hata mtu mliyegombana naye shambani ataitika, kisha mtaendelea kugombana. Majembe yaliendelea kushuka na kupanda.

"Kamwenee," nikasema tena, kwa sauti zaidi.

Mwanamke wa karibu alihamisha ndoo yake kutoka njiani, ili nipite.

Belitha alikuwa mwisho wa mfereji, ameinama, mikono mitupu mpaka mabegani, ngozi imesimama kwa baridi. Nilikwenda mpaka nikasimama mbele yake. Ni mkubwa kwangu kwa miaka ishirini na saba. Nimekula kwake miezi mitatu, na kila asubuhi ya miezi hiyo nilimwamkia kabla sijanawa uso.

"Shikamoo, mama."

Alimaliza tuta. Aliligonga jembe kwenye jiwe udongo ukadondoka. Kisha akasimama wima, akanyoosha kitenge, na mbele ya wale wanawake wote akapiga goti kidogo, vile wanavyofanya anapokuja mkuu wa wilaya.

"Shikamoo, mheshimiwa," akaniambia.

Majembe yalinyamaza. Wote walikuwa wanasikiliza. Goti lake lilikuwa bado limekunjwa, na macho yake, yasiyo na hasira wala chozi, yalikuwa yananisubiri niitikie.

"Marahaba," nikasema.